Dakika Moja Baada ya Sauti

Auburn, Jumapili, 3 Desemba 1995

Daftari hili alinipa Baba siku niliyomaliza mtihani wa mwisho wa shule. Alisema niandike kwa Kiswahili, kisije kikanitoka kama kilivyowatoka watoto wengine wa kwetu Tanga waliokulia huku ughaibuni, ambao ukiwasalimia wanakujibu Kiingereza. Nimekaa nalo wiki tatu bila kuandika neno. Leo nina la kuandika: nimehamia kwa Shangazi Mwanakheri.

Mume wake, Mjomba Haidar, alifariki tarehe nne mwezi uliopita, bafuni, akiosha brashi za rangi. Moyo ulisimama. Shangazi yumo edani mpaka tarehe kumi na moja Machi. Hatoki nje, anavaa nyeupe tupu, hajitii manukato. Na ameongeza lake mwenyewe, ambalo Mama anasema hakulazimishwa na mtu: sauti yake haitatoka nje ya mlango mpaka eda iishe. Hajibu simu, hamwitikii anayebisha hodi, haiti jirani dirishani. Ndiyo maana nimeletwa mimi.

"Wewe ndiye mlango wangu," aliniambia. "Na nilivyokuona tangu mdogo, mlango huu haupigi kelele."

Mama alicheka. Mimi nilitazama vidole vya miguu yangu.

Geti la hapa ni nusu kijani, nusu jeupe. Mjomba alikuwa akilipaka rangi siku ile. Hakuna aliyethubutu kulimalizia.

Jumatano, 6 Desemba

Joto. Huku Desemba ndiyo kiangazi, na nyenze mitini wanaanza kupiga kelele kabla hatujanywa chai. Nimepokea simu sita na kila moja imenitoa jasho.

Ijumaa, 15 Desemba

Nimepata kazi! Sijui kama ni kazi ambayo Baba atawaambia watu msikitini.

Maktabani palikuwa na kadi iliyoandikwa kwa mkono: anatafutwa kijana mwenye miguu ya kimya, wa kubeba mashine, siku tatu kwa wiki. Nilipiga simu nikakata. Nikapiga tena nikakata. Mara ya tatu mwanamke alipokea akasema, "Wewe ndiye unayepumua? Njoo kesho."

Anaitwa Halina Sobczak. Ni Mpolandi, mtunzi wa muziki, mwenye mvi zilizokatwa fupi kama za mwanajeshi. Anaishi Doonside, na gereji ya nyumba yake haina gari, ina kompyuta, spika kubwa mbili na rafu zilizojaa kanda. Hana piano wala gitaa. Muziki wake anautengeneza kwa sauti za vitu vya duniani: maji chini ya barabara, siafu ndani ya gogo, magome ya mikaratusi yanapodondoka. Anazinasa, anazitia kwenye kompyuta, anazivuta na kuzikunja mpaka zinakuwa kitu kingine. Alinisikilizisha nyenze waliopunguzwa mwendo mara nane. Walikuwa wanaume wengi, mbali, wakinong'ona dua.

Usaili wenyewe ulikuwa hivi. Aliniketisha kwenye kiti cha mbao kinacholia ukijigeuza, akaondoka robo saa nzima. Aliporudi akasema, "Kiti hakikulia. Kazi ni yako."

Maisha yangu yote walimu wameandika kwenye ripoti kwamba Sabiha hasemi. Leo kwa mara ya kwanza nimelipwa kwa hilo.

Jumatatu, 18 Desemba

Kazi ina sheria mbili, na Halina amenitaka nizikariri.

Ya kwanza: kila sauti ina mwenyewe, kwa hiyo uombe ruhusa. Hata mti anaugusa kwanza kwa kiganja kabla hajaufunga maikrofoni. Nilidhani anatania. Hatanii.

Ya pili: mashine ikishawashwa, usisogee. Chochote kitakachotokea, usisogee. Na sauti ikiisha, hesabu sekunde sitini ndipo uzime, maana baada ya sauti mahali hubaki na alama yake, kama kitanda kilichotoka kulaliwa.

Leo mdudu wa miti alinitembea shingoni dakika nne. Sikusogea. Halina alinipigia saluti.

Jumatatu, 25 Desemba

Sikukuu ya watu, hakuna kazi. Shangazi amenifundisha kukalia mbuzi. Nimekuna nazi kidogo na kidole sana.

Jumanne, 9 Januari 1996

Matokeo yamefika kwa posta. Nimefeli vibaya kuliko nilivyoogopa. Baba alisoma karatasi, akaikunja, akasema, "Haya," akaenda kazini. Heri angenigombeza.

Nilirudi kwa Shangazi nikificha uso. Akanitengea uji, akasema, "Mtihani ni karatasi. Mimi sijawahi kupewa hata karatasi ya kufelia." Nikacheka puani, uji ukanipalia.

Jumapili, 14 Januari

Halina amesema onyesho lake ni Machi, kwenye ukumbi mdogo kule Newtown. Kisha akasema anataka nimletee sauti moja yangu mwenyewe. "Mikono unayo. Sasa nataka kujua kama una masikio." Akaniazima kinasa sauti kidogo niende nacho nyumbani.

Sijalala vizuri kwa furaha.

Ijumaa, 19 Januari

Nimempelekea birika likichemka, treni ikiingia stesheni ya Auburn, na adhana. Amesikiliza zote amefumba macho.

"Postikadi," alisema. "Postikadi, postikadi. Za kila mtalii."

Nilikaa bafuni kwake mpaka macho yakaacha kuwa mekundu. Kama si mtihani na si hili, basi ni nini?

Jumatatu, 22 Januari

Ramadhani imeanza. Jua la huku halitui mpaka karibu saa mbili usiku. Joto nyuzi thelathini na saba.

Alhamisi, 25 Januari

Joto. Zilpah wa nyumba ya jirani, muuguzi Mkenya, ametoka zamu akaingia kwa Shangazi na tikiti maji. "Mimi si Mwislamu lakini hii njaa yenu inanifanya nijiskie nikiwa na dhambi," alisema. Shangazi alicheka kwa sauti. Nilikimbilia kufunga dirisha, wote wawili wakanicheka mimi.

Jumamosi, 3 Februari

Nimeipata. Mungu anisamehe, nimeipata.

Kila siku saa kumi na moja jioni Shangazi hukalia mbuzi jikoni, anakuna nazi ya futari. Kwa wiki nzima nilikuwa nikiisikia kana kwamba sijawahi kuisikia: meno ya chuma kwenye nyama ya nazi, krrr, krrr, na pumzi yake katikati. Nilijiambia nazi haina siri. Nilijiambia nikimwomba atakataa, kisha nitaleta postikadi nyingine. Kwa hiyo sikumwomba. Niliweka maikrofoni rafuni nyuma ya kopo la unga, nikaificha kwa kitambaa, nikapitisha waya mpaka chumba cha kufulia, nikaketi sakafuni nyuma ya mlango na hedifoni masikioni. Nilimwambia nafua.

Dakika kumi ilikuwa nazi tu, na ilikuwa nzuri mno. Halafu mkono wake ukasimama.

Nilidhani amemaliza. Nikaanza kuhesabu. Ndipo akasema, taratibu, kama anayemsemesha mtu aliyekaa mbele yake:

"Haidar. Nilisikia."

Krrr.

"Uliniita mara tatu. Nilisikia zote. Nikasema, mwache aite mpaka achoke. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kopo la rangi ya kijani, kwamba sikuipenda. Ukachoka. Nilisikia, Haidar. Nilisikia, nilisikia."

Halafu alilia, bila kuinua sauti, na mkono ukarudi kwenye nazi, akawa anakuna na kulia kwa mwendo mmoja.

Hakuna anayejua habari hiyo. Watu wote wameambiwa Shangazi alikuwa bustanini wakati ule.

Sikusogea. Alipomaliza nilihesabu sekunde sitini, ndipo nikazima. Na naandika hapa ukweli: wakati ule nilijivunia.

Jumatatu, 5 Februari

Halina hakufumba macho. Aliyakodoa. Alisikiliza mara mbili, akavua miwani.

"Umemwomba ruhusa?"

"Ndiyo," nilisema.

"Na anasema nini?"

"Ni wimbo. Wanaimba wakikuna nazi."

Sijui uongo wa pili ulitoka wapi. Ulikuja wenyewe, ukamshika mkono mwenzake, wakatoka pamoja kama ndugu.

Akaniita kwenye kiti chake, kile cha mbele ya kompyuta ambacho haketi mtu mwingine. "Una masikio," alisema.

Jumatano, 14 Februari

Halina ametengeneza muziki wake. Dakika kumi na moja. Sauti ya mbuzi ameipunguza mwendo mpaka imekuwa mawimbi ya kitu kizito, na juu yake neno moja la Shangazi linarudi, linapaa, linavunjika, linarudi: nilisikia, nilisikia, nilisikia. Nilihesabu arobaini na tatu kisha nikaacha. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia, na nilitaka kiishe.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Tulikuwa wawili tu gerejini, naye alikuwa ananingoja niseme chochote. Nikasema, "Asante."

Jumamosi, 17 Februari

Joto. Siku hizi nikikaa mezani kufuturu na Shangazi, natazama sahani. Katika kila chakula naona tui la nazi yake. Leo amenipa nyama yake. "Kula, unakonda. Kazi ya kusikiliza nzi inakumaliza." Nimekula. Ningemwambia basi nini?

Jumatano, 21 Februari

Idi. Wageni wengi. Nimefungua mlango mara thelathini. Kila mgeni Shangazi anamwambia, "Huyu ndiye mlango wangu."

Jumanne, 27 Februari

Upepo wa kusini uliingia alasiri, joto likashuka ghafla, mvua ikapiga bati la kibanda cha gari. Halina alipiga simu mwenyewe: "Unasikia? Nasa!" Nilimwambia betri zimekwisha. Hazikwisha. Sitaki tena kuwa na waya mikononi.

Jumapili, 3 Machi

Onyesho lilikuwa leo alasiri. Niliwaambia nyumbani kwamba viti vimejaa. Lakini Mama alikuwa ameona tangazo ndani ya mkoba wangu, na kwa kuwa yeye alikuwa kazini, akamwomba Zilpah aende kwa niaba ya familia. "Mtoto asikae kama yatima," ndivyo alivyosema.

Kwa hiyo nilipoingia ukumbini nilimkuta Zilpah mstari wa mbele, amevaa gauni lake la kanisani, anapunga karatasi ya ratiba. "Jina lako liko hapa, Sabi! Limeandikwa! Aki nimeskia raha!"

Kulikuwa na watu kama sitini. Taa zikapunguzwa. Ikapigwa ya maji, ikapigwa ya nyenze. Halafu ikaja yetu.

Sikutazama jukwaa, maana jukwaani hakuna mtu, ni spika tu. Nilitazama kisogo cha Zilpah. Kwa dakika mbili kilikuwa kinatikisika kidogo, kinafuata mwendo. Neno la kwanza lilipotoka, kikasimama. Halina alikuwa ameacha mahali pamoja, karibu na mwisho, sentensi nzima bila kuigusa: mwache aite mpaka achoke. Zilpah akainamisha kichwa, akakishika kwa mikono miwili.

Watu walipiga makofi kwa muda mrefu. Mzee mmoja alimfuata Halina machozi yakimtoka, akasema hajui lugha ile lakini ameelewa kila kitu. Nilitaka kumwambia hajaelewa hata kimoja. Badala yake nilimshika mkono.

Tulirudi kwa treni. Zilpah alitazama nje mpaka stesheni ya Strathfield. Halafu akafungua ile karatasi magotini.

"Hapa wameandika 'wimbo wa kukuna nazi'."

Nikakunja tiketi yangu mara mbili.

"Mimi nimezaliwa bara, sijui nyimbo za nazi. Niambie. Ni wimbo wa nani?"

"Zilpah, tafadhali."

"Huyo mama hajaniambia mimi, na mimi huingia kwake kila wiki. Hajamwambia babako, ndugu yake wa damu. Amemwambia marehemu. Na wewe umewaambia hawa watu wa divai na jibini." Hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa nafuu. "Mimi sitasema kitu. Kazini kwangu naona wagonjwa uchi kila siku, na nikitoka nasahau. Lakini wewe, utasahau?"

Jumanne, 5 Machi

Nilikwenda Doonside nikamwambia Halina yote. Nilisema nikiwa nimesimama, karibu na mlango, na kwa mara ya kwanza kile kiti kililia kwa sababu nilikuwa nimekishika kwa nguvu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu, kama kawaida yake, akangoja. Nadhani ilikuwa dakika nzima.

"Nilikuuliza mambo mawili," alisema.

"Ndiyo."

"Na nilitaka sana kuamini, kwa kuwa sauti ilikuwa nzuri. Hilo ni langu, si lako."

Akafuta kazi yote kwenye kompyuta mbele yangu. Mwezi wake mzima. Akatoa kanda mbili, ya kwangu na ya onyesho, akanipa. Nilimwomba aniapize, anigombeze, aniambie nisirudi. Akasema, "Alhamisi tuna vyura. Njoo ukiwa umeshasema kwa mwenyewe. Kabla ya hapo usije."

Alhamisi, 7 Machi

Sikwenda kwenye vyura.

Jumamosi, 9 Machi

Nyenze wamepungua. Sasa kimya kinasikika.

Jumatatu, 11 Machi

Eda imekwisha.

Asubuhi walikuja Mama na wanawake wengine wanne. Wakamwogesha Shangazi, wakamfukiza udi, wakamvika gauni la zambarau. Walipiga vigelegele hadi mbwa wa jirani akabweka. Shangazi alicheka, akashika mkono wangu, akaniweka katikati ya sebule ambapo sipendi kuwa. Akanifunga doti ya kanga mpya mabegani.

"Miezi minne na siku kumi," aliwaambia. "Sauti yangu haikutoka nje ya nyumba hii. Huyu hapa ndiye aliyeilinda. Mnasema hasemi. Wangapi kati yenu mnaoweza kuaminiwa kwa kutosema?"

Wakapiga vigelegele tena, kwa ajili yangu. Kanga ilikuwa na uzito kama zege.

Walipoondoka nilimkuta jikoni. Niliweka zile kanda mbili mezani, nikavua kanga, nikaikunja, nikaiweka juu yake. Nikasema. Sikuacha kitu: kopo la unga, waya, Newtown, watu sitini, makofi. Zilpah sikumtaja, yeye atajitaja akitaka.

Shangazi alikaa kwenye mbuzi kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

"Ulisikia yote," alisema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Mpaka nilipolia."

"Ndiyo."

"Ulikuwa wapi?"

"Chumba cha kufulia. Nyuma ya mlango."

Akainuka. Nilidhani ananijia mimi, nikafumba macho. Lakini alikuwa anapima. Kutoka kwenye mbuzi mpaka mlango wa chumba cha kufulia, polepole, gauni jipya likiburura. Hatua moja ya kawaida, ya pili, ya tatu, ya nne. Akarudi pale pale. Akapima tena, safari hii kuelekea bafuni. Zilikuwa sita.

"Mimi kwa Haidar sita," alisema. "Wewe kwangu nne."

"Nilifundishwa nisisogee, Shangazi. Mashine ikiwaka..."

"Na mimi nilifundishwa na nani?"

Nikatazama ile kanga mezani.

"Hao watu wako sitini," alisema, "hawamjui Mwanakheri wala Haidar. Wamesikia, wamekwenda zao. Inaniuma, lakini itapita. Ila wewe ulikuwa hatua nne, mwanangu. Nilikuwa nalia, na wewe ulisubiri nimalize."

Nimeandika uongo mwingi akilini mwezi huu, nikijitetea kuhusu maikrofoni, kuhusu ruhusa, kuhusu maana ya maneno. Hilo la hatua nne halikuwahi kunijia hata siku moja. Nililia, na yeye hakunigusa.

Alisema, "Nenda kwa mama yako." Nikaenda.

Jumanne, 12 Machi

Niko nyumbani. Hajapiga simu.

Jumatano, 13 Machi

Hajapiga. Baba anauliza kuna nini, Mama anamwambia aniache.

Alhamisi, 14 Machi

Nilimpigia Halina, sikukata. Nilimwambia nimeshasema kwa mwenyewe. "Amesema nini?" aliuliza. Nikamwambia habari ya hatua. Akasema kwamba sheria ya pili alinifundisha vibaya, kwamba ni sheria ya ndege, si ya mtu anayelia, na kwamba ilimpasa aseme hivyo toka mwanzo. Jumatatu nikitaka niende.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua imepita, barabara inatoa mvuke. Naandika mezani, dirisha liko wazi. Nilikuwa nataka kuandika kwamba sasa najua shangazi yangu ni mtu wa namna gani. Lakini simjui, nilikuwa na sauti yake tu, na hata hiyo niliichukua.

Kuna mtu barabarani, nje ya geti letu. Gauni la zambarau. Ana kopo mkononi, na brashi mbili. Ni ile rangi ya kijani ya geti la Mjomba, naiona ilivyochuruzika ubavuni mwa kopo.

"Sabiha!"

Jirani wa ng'ambo ametoa kichwa. Sauti ile imesikika mpaka stesheni.

"Sabiha! Vaa nguo kuukuu!"

Ameita mara mbili. Sitangoja ya tatu.